Mwendo na Uimara wa Vichwa vya Treni za Modeli: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Ndugu Mhariri, ninavyo vichwa viwili vya dizeli vya skeli ya HO, yaani vidogo mara 87 kuliko vya kweli. Ni vya aina moja, lakini vimetoka katika viwanda tofauti. Cha kwanza kimya kabisa na kinapendeza kikiwa katika kasi ya kati, ila nikikipunguzia mwendo husimama ghafla, hasa kwenye njia panda. Cha pili kina kelele, lakini sijawahi kukiona kimekwama. Wenzangu wamegawanyika kuhusu kilicho bora. Je, ipo njia ya haki ya kuvilinganisha, au kila mtu abaki na mapenzi yake?

Jibu: Njia ya haki ipo, na inaanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo naona wenzako wameyachanganya. Ubora wa mwendo ni namna kichwa kinavyoondoka, kinavyotambaa na kinavyosimama leo hii. Uimara ni kama kitaendelea kufanya hivyo baada ya miaka ya matumizi, na kama kikiharibika kitaweza kutengenezwa. Kichwa kinaweza kuwa na sifa moja bila ya nyingine, na ndiyo maana mabishano ya namna hii hayaishi: mmoja anasifia mwendo, mwingine anasifia uimara, na wote wanasema ukweli.

Kwanza sawazisha mazingira. Tumia kipande kilekile cha reli iliyonyooka na iliyolala sawa, kidhibiti mwendo kilekile, na magurudumu yaliyosafishwa siku hiyohiyo. Kila kichwa kiache kizunguke kama dakika kumi kabla ya kupima, kwa sababu grisi iliyokaa kimya huwa nzito, na kichwa kilichotoka kabatini hakiwezi kulinganishwa na kilichokwisha kupata moto. Kipimo kifanyike kwa kwenda mbele na kwa kurudi nyuma, kwani gia nyingi huenda laini upande mmoja kuliko mwingine.

Kipimo chenye maana kuliko vyote ni cha mwendo wa chini. Weka alama mbili zilizoachana kwa mita 1, kisha utafute kasi ndogo kabisa ambayo kichwa kinaweza kupita kutoka alama ya kwanza hadi ya pili bila kusita, na uhesabu sekunde. Kwa HO, ambayo ni 1:87, gawanya 313 kwa idadi ya sekunde na utapata kasi ya treni halisi katika kilomita kwa saa. Kichwa kinachotumia sekunde 100 kinatambaa kwa takribani kilomita 3 kwa saa, sawa na mtu anayetembea polepole, na huo ni mwendo mzuri sana. Kisichoweza kutumia zaidi ya sekunde 20 bila kusimama kinaondoka kwa zaidi ya kilomita 15 kwa saa, na macho yataliona hilo kila mara kinapoanza safari. Anayetumia skeli ya N, yaani 1:160, aweke 576 badala ya 313. Wa OO, yaani 1:76, aweke 274.

Sasa nije kwenye kichwa chako cha kwanza. Dalili ulizozieleza hazielekezi kwenye mota, zinaelekeza kwenye upokeaji wa umeme kutoka relini, na kwa maoni yangu hapo ndipo lilipo zaidi ya nusu ya tofauti tunayoiona kati ya kichwa kizuri na kibaya. Katika kasi ya kati uzito unaozunguka ndani yake hukivusha sehemu chafu kabla hujatambua kwamba umeme ulikatika. Kikipunguza mwendo, uzito huo hautoshi tena, na kichwa kinakufa hapohapo. Iangalie taa yake wakati kinaposimama. Taa ikizima pamoja na mota, umeme haufiki. Taa ikibaki inawaka ilhali magurudumu hayazunguki, basi tatizo liko kwenye mota au gia. Kwa umeme wa kawaida wa volti zinazopanda na kushuka, fanya jaribio hilo usiku, kwa kuwa taa huwa hafifu katika volti ndogo.

Kisha kigeuze, kilaze juu ya kitambaa laini, na uhesabu magurudumu yanayopokea umeme. Kichwa cha dizeli chenye magurudumu manane kinaweza kuwa kinapokea kwa yote manane, au kwa manne tu. Yale yaliyovishwa mipira ili yasiteleze hayapokei chochote, na mipira hiyo hiyo husambaza uchafu juu ya reli. Kwa multimita, yaani mita ya kupimia umeme, gusisha ncha moja kwenye gurudumu na nyingine kwenye nguzo ya mota (mahali waya unapoungwa) iliyo upande wake: kila gurudumu linalopaswa kupokea lionyeshe ukinzani mdogo usiyoyumba hata ukilizungusha kwa kidole. Ukiona namba inaruka, ama kibanzi cha shaba kinachoegemea gurudumu kimelegea, ama kimefunikwa na masizi meusi. Kukikunja kidogo ili kiegemee sawasawa, bila kukikandamiza mpaka kiwe breki, ni kazi ya dakika chache ambayo mara nyingi hubadilisha kabisa tabia ya kichwa.

Njia panda ni mtihani wa pekee, kwa sababu pale reli mbili zinapokatizana, viwanda vingi huweka kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Kichwa kirefu kinachopokea kwa magurudumu yote hukivuka bila habari. Kichwa kifupi chenye ekseli mbili kinaweza kujikuta kimebaki na gurudumu moja tu upande mmoja. Kwa hiyo ukilinganisha vichwa vya urefu tofauti kwenye njia panda ya namna hiyo, unapima reli zako kuliko unavyopima mashine. Njia panda ambazo kipande hicho ni cha chuma chenye umeme huondoa tatizo hilo kwa vichwa vyote kwa pamoja.

Kipimo cha tatu ni mkondo wa umeme. Unganisha mita kati ya kidhibiti na reli, kisha soma ampia kichwa kikiwa peke yake katika kasi moja isiyobadilika. Mota ndogo za kisasa za HO kwa kawaida hutumia chini ya ampia 0.3, mota za zamani zilizo wazi zinaweza kutaka ampia 0.5 au zaidi, na hilo peke yake si ugonjwa. Kinachotafutwa ni utulivu. Sindano inayocheza kwa mpangilio, ikipanda na kushuka kila gurudumu linapozunguka, inakuonyesha mahali panapokaza. Andika namba hiyo katika daftari pamoja na tarehe, kisha pima tena baada ya miezi kadhaa ya matumizi. Namba inayopanda pole pole inatangaza uchakavu, ukavu wa mafuta au nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, muda mrefu kabla masikio hayajasikia lolote. Hapo ndipo uimara unapoacha kuwa maneno ya barazani na kuwa kitu kinachopimika.

Kuhusu kelele ya kichwa cha pili, usikihukumu kwa hiyo. Gia zenye meno yaliyonyooka na fremu nyepesi isiyonyonya mtetemo hutoa sauti hata zikiwa na afya njema. Sauti isiyobadilika mwaka hadi mwaka haina neno. Sauti iliyobadilika wiki hii ndiyo ya kufuatiliwa. Kwa maelezo yako, leo kichwa cha pili ndicho cha kuaminiwa kuvuta treni, lakini cha kwanza nisingekiuza kabla ya kusafisha na kurekebisha vibanzi vyake, kwa kuwa nadhani ndani yake mna mashine bora iliyonyimwa umeme.

Swali: Matangazo ya viwanda husisitiza mota ya ncha tano, flaiwili mbili (magurudumu mazito yanayozunguka pamoja na mota), na siku hizi mota isiyo na kiini cha chuma. Ni lipi kati ya hayo linaloleta tofauti ya kweli?

Jibu: Yote yana maana, lakini si kwa kiasi kinachotangazwa. Ncha ni mikono ya chuma iliyozungushiwa waya katika amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka. Mota ya ncha tatu ina sehemu chache ambamo amecha hupenda kutulia ikivutwa na sumaku, kwa hiyo katika mwendo wa chini huenda kwa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ncha tano hupunguza mruko huo, na amecha ambayo mifereji yake imekatwa kwa mshazari huupunguza zaidi, maana ncha moja huingia katika nguvu ya sumaku kabla ile iliyotangulia haijatoka. Mota isiyo na kiini cha chuma haina mruko huo kabisa, kwa sababu hakuna chuma cha kuvutwa. Inatumia umeme kidogo na huondoka kwa ulaini wa ajabu. Udhaifu wake ni kwamba waya zake nyembamba hazina pa kutupia joto: ikikwama ikiwa na umeme mwingi, huungua upesi. Tena haipatani na vidhibiti vya zamani vinavyopeleka umeme kwa mipigo mizito ya kusoma mwendo wa mota. Soma maelekezo ya kidhibiti chako kabla ya kuiweka relini.

Flaiwili inasifiwa kuliko inavyostahili. Nishati inayohifadhiwa na kitu kinachozunguka hukua kwa mraba wa kasi yake. Mwendo wa mota ukipungua kuwa nusu, nishati inabaki robo, na ukipungua kuwa moja ya kumi, inabaki sehemu moja katika mia. Maana yake ni kwamba flaiwili husaidia sana pale ambapo kichwa kilikuwa kinaenda vizuri tangu awali, na husaidia kidogo mno katika kutambaa, ambako msaada ndiko unakohitajika.

Kitu ambacho matangazo hayakitaji, nami ningekiuliza kwanza, ni uwiano wa gia. Chukua gurudumu la HO lenye kipenyo cha milimita 12. Treni halisi ikienda kilomita 5 kwa saa, gurudumu hilo la modeli linazunguka kama mara 25 kwa dakika. Gia ya uwiano wa 15 kwa 1 huifanya mota izunguke mara 380 hivi kwa dakika, mwendo ambao mota nyingi ndogo huwa zinasitasita. Uwiano wa 30 kwa 1 huipeleka kwenye 760, ambako imetulia, na flaiwili iliyo kwenye shafti yake inapata nishati mara nne zaidi. Gharama yake inaonekana katika kasi kubwa: kwa kilomita 80 kwa saa mota hiyo italazimika kuzunguka mara 12,000 kwa dakika, na italalamika kwa sauti. Kwa kichwa cha kupanga mabehewa kituoni, uwiano mkubwa wa gia una thamani kuliko flaiwili mbili. Kwa kichwa cha treni ya kasi, hesabu inageuka.

Swali: Kichwa changu cha dizeli, kilichokaa kwenye boksi kwa miaka kadhaa, sasa kinagonga kikitembea, na kila kinapogonga kinanyanyuka kidogo. Nimekitia mafuta mara nyingi bila mafanikio. Je, mota imekwisha?

Jibu: Mota haina hatia, na tafadhali usiongeze mafuta tena. Mafuta yaliyozidi husafiri hadi kwenye komyuteta, yaani sehemu inayoingiza umeme ndani ya amecha, yakachanganyika na vumbi la kaboni na kuwa tope jeusi linaloziba umeme, na kutoka hapo utakuwa na maradhi mawili badala ya moja.

Chukua chaki na rula. Kitembeze kichwa polepole sana, na kila kinapogonga weka alama kando ya reli. Kama alama zimeachana kwa umbali sawa, linganisha umbali huo na mzingo wa gurudumu, ambao ni kipenyo mara 3.14. Kwa gurudumu la milimita 12 utapata karibu milimita 38. Alama zikiangukia kwenye milimita 38, kosa liko kwenye kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu: ekseli, gurudumu lenyewe, au gia iliyobanwa katikati ya ekseli. Alama zikiwa karibu sana hata haziwezi kuhesabika, kosa liko juu zaidi, kwenye mota au gia ya skrubu (gia yenye umbo la skrubu inayozungushwa na mota), ambazo huzunguka mara nyingi kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu.

Kwa maelezo yako natarajia milimita 38, na natarajia kwamba gia ya plastiki imepasuka. Gia hiyo imesukumwa kwa nguvu juu ya ekseli ya chuma tangu kiwandani, na imekuwa ikivutika kila siku, hata kichwa kilipokuwa kimelala kwenye boksi. Baada ya miaka, plastiki huachia kwenye sehemu nyembamba kuliko zote, yaani kwenye bonde lililo kati ya meno mawili. Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele na ni rahisi kuupita bila kuuona. Tumia kioo cha kukuzia, na uizungushe gia taratibu chini ya taa. Kwa kuwa bonde hilo limepanuka, jino la gia inayofuata haliingii sawasawa, linapanda juu ya ukingo, na huko kupanda ndiko kunakokinyanyua kichwa. Gundi haishiki kwenye plastiki ya namna hiyo. Dawa ni gia mpya, au ekseli nzima pamoja na gia yake, na ukibadilisha moja afadhali ubadilishe zote, kwa maana zilizaliwa siku moja.

Nakuomba pia usikitembeze kikiwa hivyo. Kila kinapogonga kinaisukuma gia ya juu, ambayo huenda bado ni nzima.

Wenye vichwa vya mvuke wanaweza kutumia chaki hiyohiyo, lakini kwao mchechemeo wa mara moja kwa kila mzunguko mara nyingi husababishwa na vyuma vinavyounganisha magurudumu. Pini ya gurudumu la kushoto na ya kulia katika ekseli moja hupaswa kuachana kwa nyuzi 90, na pembe hiyo lazima ifanane katika ekseli zote. Gurudumu moja likiteleza kidogo juu ya ekseli yake, vyuma hivyo vitakaza sehemu mbili za mzunguko na kulegea kwingine.

Swali: Kichwa kinapanda mlima vizuri, lakini kikiteremka na mabehewa kinarukaruka. Kwa nini?

Jibu: Kinapoteremka, mabehewa yanakisukuma. Magurudumu hayawezi kuizungusha gia ya skrubu kinyumenyume, kwa hiyo shafti yake husukumwa mbele hadi mwisho wa nafasi iliyoachwa kwenye beringi, mota ikaifikia, ikarudi tena, na hivyo hivyo mara nyingi kwa sekunde. Shika shafti hiyo kwa kibano na ujaribu kuisogeza mbele na nyuma. Ikicheza kwa kiasi kinachoonekana wazi kwa macho, ongeza wosha (pete) nyembamba, ukiacha nafasi ndogo tu ili isikaze.

Swali: Je, ipo kampuni ambayo mtu anaweza kununua kichwa chake kilichotumika bila ya kukichunguza?

Jibu: Hapana. Jina la kampuni linakuambia mashine ilibuniwa na nani, halikuambii ilitunzwaje, na kampuni moja huwa na vizazi kadhaa vya mashine vyenye tabia tofauti kabisa. Hata hivyo sifa nyingine zina sababu ya kiufundi inayoeleweka. Vichwa vya Märklin vya HO vinavyotumia njia ya umeme ya katikati vina jina la kutokwama, na sababu si miujiza: umeme unaingia kupitia kiatu kirefu kinachoteleza juu ya vichuma vingi vya katikati, na unarudi kupitia reli zote mbili kwa pamoja, hivyo uchafu kwenye reli moja haukati mzunguko. Kato ya Japani inasifiwa kwa ulaini wa vichwa vyake vya N, na ukifungua kimoja cha dizeli utaona kwa nini: fremu nzito ya chuma iliyogawanyika mara mbili hubeba umeme yenyewe, nyaya zikiwa chache au hazipo kabisa.

Katika kichwa cha zamani, tazama fremu kabla ya kitu kingine chochote. Aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi wakati wa kumiminwa huoza kutoka ndani, ikavimba, ikajipinda na mwishowe kumeguka kama biskuti. Modeli nyingi za miaka ya 1930 zimekufa hivyo, na hata baadhi ya zilizotengenezwa karne hii zimepatwa. Rangi iliyoinuka, nyufa ndogondogo, au bodi isiyokaa tena juu ya fremu ni dalili zake. Hakuna tiba. Kichwa cha namna hiyo usikinunue kwa ajili ya kukiendesha, hata kama mota yake inaimba.

Kinachofuata ni sumaku. Sumaku za zamani za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) hupoteza nguvu zinapochomolewa kwenye mota bila ya kuzibwa kwa kipande cha chuma, na mmiliki aliyetangulia huenda alifanya hivyo akisafisha. Mota ya namna hiyo huenda mbio ikiwa peke yake, lakini ikifungwa mabehewa hupata moto na kutaka ampia nyingi huku ikivuta kidogo. Sumaku inaweza kutiwa nguvu upya au kubadilishwa kwa ndogo ya neodimiamu, kwa hiyo hilo ni jambo la kupatana bei tu. Grisi iliyoganda ikawa kama gamu ni jambo dogo zaidi: ioshe kabla ya kutoa hukumu yoyote kuhusu mwendo.

Swali: Nikikiwekea dekoda ya kidijitali, yaani kifaa kidogo kinachopokea amri kupitia reli na kuendesha mota, kichwa kinachosuasua kitapona?

Jibu: Kitaonekana kimepona upande mmoja na kitazidi kuugua upande mwingine. Dekoda nyingi za mfumo wa DCC, yaani mfumo wa kuendesha treni kwa amri za kidijitali, ambao chama cha wapenda reli za modeli cha NMRA cha Marekani kiliuwekea viwango katika miaka ya 1990 kwa msingi wa kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, hukata umeme wa mota kwa kitambo kidogo mno, hupima volti ambayo mota yenyewe inaizalisha ikiendelea kuzunguka, kisha huongeza au kupunguza nguvu. Kwa hiyo mruko wa mota ya ncha tatu hufifia, na sehemu inayokaza kwenye gia hufichika. Lakini kukaza kwenyewe kupo palepale, na kunaendelea kuzila gia. Ama upokeaji mbaya wa umeme, dekoda hauutibu hata kidogo, kwa sababu nayo inahitaji umeme na amri kutoka kwenye reli zilezile, na ikikatiwa inabidi ianze upya.

Kwa hiyo kitengeneze kwanza kwa umeme wa kawaida hadi kipite kipimo cha mita 1 kwa utulivu. Kisha pima ampia kwa volti 12 magurudumu yakiwa yameshikwa yasizunguke, kwa sekunde moja au mbili tu. Namba hiyo iwe chini ya uwezo wa dekoda, ambao kwa dekoda nyingi za HO ni ampia 1 hivi. Kapasita ya kuhifadhi umeme ni nyongeza nzuri kwa kichwa kifupi chenye ekseli mbili, mradi uiunganishe kwenye dekoda iliyoandaliwa kwa ajili yake, na uwe na namna ya kuitenga unapobadilisha mipangilio ya dekoda, kwani umeme iliouhifadhi huweza kuizuia dekoda isijibu ipasavyo.